Maharage na Maziwa Siku Moja

Isingiro, baada ya kuvuna maharage

Kwa Mama yangu,

Shikamoo Mama. Shikamoo ya pili ni ya Kemilembe, mjukuu wako, ambaye sasa hivi amekaa juu ya mguu wangu na anataka kuninyang'anya kalamu. Wewe na nyumba yote mmeamkaje? Goti lako je, bado linakusumbua asubuhi ukichuchumaa kukamua? Ng'ombe wamepataje majani msimu huu? Sisi hapa tu wazima. Petro mume wangu mzima, Yohana mdogo ananyonya mpaka ananiuma, na mimi nina nguvu kuliko nilivyokuwa siku ya harusi yangu.

Kaka Anselmi, shikamoo nawe, maana najua barua iko mkononi mwako na Mama amekaa karibu yako anakutazama mdomo. Nimeiandika Kiswahili kwa sababu ndicho walichotufundishia kuandika. Wewe mgeuzie Mama kwa lugha yetu, pole pole, na usiruke. Nakujua, ukifika mahali pagumu unakohoa na kupita. Hii ina mahali pagumu. Hapo usikohoe.

Mama, mwalimu wa dini alipopita hapa aliniletea maneno yako. Alisema mtamba wa Kemilembe umekwisha kumchagua, ni mtoto wa yule mweupe ambaye pembe zake zinakaribia kukutana, na kwamba Kaka atamswaga kuja huku mvua zikikatika. Nilifurahi mpaka nikaacha ndizi zikaungua. Ng'ombe wa kwetu, katika kiwanja changu, nimwite jina asubuhi na ageuke.

Lakini kabla hajatoka zizini kwako, kuna jambo lazima ulijue. Siku ya kuniaga ulisema mbele ya wajomba, "Mtoto wako akisimama na kushika fimbo, ng'ombe wake atakuja. Ila maziwa yake yasikutane na maharage." Nikaitikia, ndiyo Mama. Niliitikia kwa moyo wote, kwa sababu hata mimi sijawahi kuona nyumbani kwetu mtu akila maharage na kunywa maziwa siku hiyohiyo. Tulijua wote kwamba kiwele kingevimba, au maziwa yangetoka na damu, au ng'ombe angekauka.

Neno hilo nililoitikia nimelivunja. Nimelivunja kwa kukusudia, na ninaendelea kulivunja kila siku. Nisikilize kwanza, nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati utakasirika kabla hujajua.

Unakumbuka nilivyokuja huku. Sikuwahi kushika jembe. Mikono yangu ilijua kukamua, kuosha vyombo vya maziwa na kuvifukiza moshi, kusuka vifuniko, basi. Petro hakunicheka. Aliyecheka ni mama mkwe.

"Analishika jembe kama fimbo ya kuchungia," aliwaambia majirani, nami nasikia. "Mwacheni. Labda atayaswaga magugu yatoke yenyewe."

Majirani walicheka mpaka wakaweka vikapu chini. Nami nikasema moyoni, ngoja, kuna kitu ninachokijua ambacho nyinyi hamkijui. Karibu na hapa anakaa Mzee Kamugisha, mtu wa ng'ombe kama sisi, amehamia zamani na ng'ombe wake wachache. Nilikwenda zizini kwake alfajiri, nikaomba samadi mbichi, ile yenye moshi bado, nikabeba vikapu sita kichwani. Nikaifukia kwenye kila shina la maharage ya mama mkwe kama mtu anavyomfunika mtoto blanketi. Nilijiona nimewaletea baraka ya kwetu. Kwetu samadi tunakandika nayo nyumba, tunawasha nayo moto, haijatukosea hata siku moja.

Siku ya nne maharage yote yalikuwa manjano. Siku ya saba yalikuwa yamelala.

Nilijificha nyuma ya nyumba nikalia. Mama mkwe akanifuata, nikajua sasa nitarudishwa kwetu. Akakaa chini karibu nami, akaninusa mikono, akasema, "Mtoto wa maziwa, mavi mabichi yana moto. Hata wewe ukilishwa chakula kinachochemka utakufa. Yalaze kwanza." Kisha akanionyesha kuchimba shimo, kutandika majani ya migomba, samadi, majani tena, na kusubiri mpaka vinuke kama udongo uliopata mvua ya kwanza. Kumbe kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Tangu siku ile sikumchukia tena, naye alianza kunipa mbegu zake nzuri, zile anazozifunga kwenye kitambaa.

Baadaye nilikumbuka kwamba nyuma ya zizi la Mzee Kamugisha kuna kilima kizima cha samadi ya miaka, imekwisha kuwa nyeusi, yeye anaiona uchafu tu. Nikaiomba. Akashangaa, akasema nichukue hata na panya waliomo. Mama, msimu uliofuata nilitandaza ile samadi kwenye migomba, nikafunika na nyasi kavu ili jua lisinywe unyevu. Kuna mkungu mmoja Petro aliubeba toka shambani akapumzika njiani mara mbili, na nyumba si mbali. Wale majirani waliocheka walikuja kuuliza. Mama mkwe aliwajibu, "Muulizeni mwenyewe. Mimi si mtu wa ng'ombe." Lakini alikuwa amejinyoosha kama yeye ndiye aliyeuzaa ule mkungu.

Nakuambia haya ili ujue kwamba mkono wangu sasa una sugu, na siionei haya. Kaka atakuambia wanawake wa kwetu hawalimi. Mwambie dada yake analima, na anakamua vilevile.

Sasa, Mama, ndipo pagumu.

Nilipopata mimba ya Yohana nikamwachisha Kemilembe kunyonya, kama ilivyo desturi. Alikuwa amekwisha kuanza kutembea, anashika ukuta, anaachia, anaanguka, anacheka. Nilitaka apate maziwa, nikapatana na Mzee Kamugisha. Mimi nampelekea ng'ombe wake maganda ya ndizi na vipande vya mgomba wakati wa kiangazi, yeye ananipa kibuyu kidogo cha maziwa. Nilikaa na neno lako kichwani. Siku Kemilembe akila maharage, hapewi maziwa. Maziwa ya siku hiyo nilimpa Petro akiwa hajala maharage, au niliyamwaga. Niliyamwaga kwa heshima, nikiomba ng'ombe asikasirike.

Lakini huku si kwetu, Mama. Huku ndizi hazipikwi peke yake. Jana ndizi na maharage, leo maharage na ndizi. Mama mkwe akimwona mjukuu wake amekaa bila maharage anafikiri nyumba imefilisika.

Kemilembe akaanza kubadilika. Miguu ilinenepa nikafurahi, nikafikiri amenona. Nywele zikawa nyepesi, zikageuka rangi ya majani makavu. Akaacha kutembea. Akaacha hata kutambaa. Alikaa pale nilipomweka, na nikirudi alikuwa palepale, hata inzi haondoi. Kicheko chake kikaisha, Mama. Ile nyumba ilinyamaza. Watu wakasema ni mimba yangu imemchoma. Mwingine akasema ni ng'ombe wa kwetu wananidai, na huyo ndiye aliyenitisha, kwa sababu mimi sikuwa nimewakosea ng'ombe hata kidogo.

Petro alimbeba mpaka zahanati, mimi nikamfuata na tumbo langu. Dresa, yule mganga msaidizi wa pale, ni kijana mpole, mikono yake inanuka sabuni. Alimbonyeza mtoto juu ya mguu kwa kidole gumba, na alipoinua kidole shimo likabaki, kama unapobonyeza udongo wa kufinyangia.

"Anakula nini?"

"Ndizi," nikasema.

"Na nini?"

"Maharage kidogo. Mchuzi wake hasa."

"Maziwa?"

"Anakunywa. Siku asipokula maharage."

"Na hizo ni siku gani?"

Nilitafuta siku moja ya kumtajia, nikarudi nyuma wiki kwa wiki, sikuipata. Siku hizo hazikuwepo. Nilikuwa nimelishika neno lako vizuri hivyo, mpaka mtoto hakuwa ameonja maziwa tangu nyasi zilipokauka.

Dresa akasema, "Mpe vyote viwili."

"Siku moja?"

"Bakuli moja ukitaka. Maharage uyaponde, si mchuzi tu. Maziwa uyachemshe. Mara nyingi, kidogo kidogo. Na maji yake uyachemshe pia." Alisema na mengine, nikayashika yote. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

Njiani Petro hakuniambia fanya hivi wala vile. Alisema tu, "Wewe ndiye unayewajua ng'ombe. Mimi ninamjua mtoto, naye amekuwa mwepesi." Akatembea mbele.

Mama, ningeweza kufanya kimya kimya. Mzee Kamugisha hachunguzi vyungu vya watu. Lakini ng'ombe ni wake, na kama kiwele kitavimba kitakuwa kiwele chake. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba maziwa ya mtu hayanywewi kwa hila. Kwa hiyo kesho yake nikaenda, nikapiga magoti langoni mwa zizi, nikamwambia yote.

Aliegemea mti wa lango, akauliza.

"Wewe ni binti wa watu wa ng'ombe?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ndiye unayekuja kuniambia hivyo?"

"Ndiye mimi, baba. Mtoto wangu anakwisha."

Akaingia kwa ng'ombe wake. Nikarudi nyumbani bila maziwa. Siku ile Kemilembe alikula maharage yaliyopondwa, na nilimlisha nikitazama njia, nikingoja neno moja tu kutoka kwa yule mzee.

Asubuhi alikuja mwenyewe, na fimbo yake, akasimama nje ya uzio.

"Nina ng'ombe mmoja mzee, Bihogo, yule mwekundu. Amebakiza uzao mmoja, au hana. Utachukua maziwa yake yeye tu, wengine usiwaguse. Utamkamua mwenyewe, ili kama kuna kosa liwe mkononi mwako. Akikauka," akasema, akamtazama mama mkwe aliyekuwa anachambua mbegu, "akikauka tutamla na hayo maharage yenu."

Mama mkwe akamjibu, "Ulete na chumvi basi, mzee, maana hapa imekwisha." Nilikuwa nalia na kucheka pamoja.

Tangu siku ile, Mama, nilikuwa na wagonjwa wawili. Kila asubuhi nilimshika Bihogo kiwele kama unavyomshika mtoto paji la uso. Maziwa ya kwanza niliyakamulia kiganjani niyatazame kwenye mwanga, kama yana damu, kama yana mabonge. Halafu ninakimbia nyumbani kumtazama Kemilembe miguu. Nilibonyeza kwa kidole gumba. Shimo. Kesho yake, shimo. Nilichemsha maziwa, nilichemsha maji, na mama mkwe akayaonja yale maji akasema yamekufa, hayana ladha ya kisima. Nikamwambia ndiyo mama, nimeyaua kusudi pamoja na vilivyomo. Sasa yeye mwenyewe anayachemsha, ila ukimuuliza anasema ni ya mjukuu.

Sijui ilikuwa siku ya ngapi, sikuhesabu. Nilibonyeza mguu na shimo likajaa lenyewe, nikaangalia. Baada ya hapo akaanza kulia, na dresa alikuwa ameniambia akilia nifurahi. Alilia nyumba nzima ikasikia, tukafurahi wote kama wendawazimu. Nywele zikaanza kutoka nyeusi chini, juu bado rangi ya majani, mpaka Petro akamwita mgomba wetu wa rangi mbili. Na siku moja kuku alimnyang'anya kipande cha ndizi, naye akacheka. Mama, nilikuwa uani napepeta. Nilikaa chini.

Na Bihogo? Kiwele hakikuvimba. Damu haikutoka. Aliendelea kutoa kile kidogo chake mpaka mwenyewe alipopungua kwa sababu alikuwa na mimba, ambayo hata Mzee Kamugisha hakuitegemea. Wiki hizi za mavuno amezaa jike jekundu kama yeye. Siku aliyozaa, Kemilembe alitembea kutoka mlango wetu mpaka langoni mwa zizi, hakushika mtu. Akaokota kijiti. Akasimama mbele ya ndama yule aliyelowa bado, akampungia kijiti na kumwambia "Twende," kama mwenye mali. Yohana nilikuwa nimembeba mgongoni. Petro aliona, mama mkwe aliona, Mzee Kamugisha aliona.

Nikamwuliza mzee, "Baba, nimwambieje mama yangu? Kwamba mwiko ule si kweli?"

Akasema, "Mimi sijasema si kweli. Baba yangu aliufuata, nami nimeufuata, maharage sijala mpaka leo na sitakula. Mwambie tu ulichokiona. Mwambie Bihogo amezaa."

Basi ndivyo ninavyokuambia, Mama. Sisemi ulinidanganya. Ulinipa ulichopewa, na kwetu kulikuwa na maziwa mengi kiasi kwamba mtu akiacha maharage hapungukiwi kitu. Huku ukiacha kimoja mtoto anapungukiwa. Nimejifunza hilo kwenye miguu ya mwanangu, na sikutaka kujifunzia hapo.

Mimi mwenyewe, nikueleze ucheke, bado sijaweza. Siku nikila maharage, maziwa yakinikaribia nayasukuma kando. Siogopi, ni kwamba nakuona wewe. Lakini watoto wangu wawili watakunywa na watakula. Kemilembe ni mtoto wa watu wa ng'ombe na ni mtoto wa watu wa migomba, sitaki upande mmoja umfanye aone njaa ya upande mwingine.

Ningeweza kunyamaza mpaka mtamba afike, akazoea zizi, kisha ukaja kusikia kwa watu. Sikutaka aje kwangu kwa hila. Ahadi yako ilikuwa mtoto asimame na kushika fimbo. Amesimama, ameshika. Na maziwa yake yatakutana na maharage kila siku katika nyumba hii, nakuambia waziwazi, ukiwa bado unaweza kukataa. Ukikataa sitanung'unika. Ukikubali, nitamtunza kama ulivyomtunza mama yake, na samadi yake nitailaza vizuri.

Nisalimie Baba, mwambie nimesema shikamoo nikiwa nimepiga magoti. Nisalimie bibi mzaa Baba, amkumbuke Kemilembe jioni anaposali. Nisalimie shangazi yule aliyenisuka nywele siku ya kuondoka, na mke wa Kaka, mwambie mbegu za maharage alizoniomba kwa siri nimezitia kwenye mzigo, zimefungwa kwenye kitambaa. Sasa si siri tena, Kaka, usimgombeze. Nisalimie mchunga ng'ombe wetu wa zamani, yule mwenye mguu mbovu, na ng'ombe wote, mmoja mmoja.

Mama mkwe anakusalimia. Anasema ulimletea binti asiyejua kushika jembe, na kwamba yeye hamrudishi.

Ndani ya mzigo, pamoja na barua, utakuta kifuniko. Nimekisuka kwa nyasi nyembamba za mto wa huku, kwa mistari ile yetu myeusi. Ni cha kile chombo cha mti, kyanzi kile kidogo ulichomchongesha Kemilembe alipozaliwa ukakiweka juu ya kichanja chako. Sikuwa nacho hapa cha kupimia, nilipima kwa kumbukumbu ya kiganja changu. Kiweke juu yake uone kama kinakaa. Kama moyo wako unakataa, kibaki huko kikifunika maziwa yako, nitafurahi kujua kiko. Lakini kama unakubali, Mama, mpe Kaka kyanzi kikiwa kimefunikwa, abebe mbele, na mtamba afuate nyuma. Nikiona kifuniko changu kinakuja njiani nitajua kabla hajafungua mdomo, na Kemilembe nitamtuma mbele na fimbo yake.

Ni mimi binti yako,
Paskazia, mama Kemilembe